Boksi limejaa nzi wa trauti na mimi nipo Mtwara. Nichukue wepi, niache wepi?

Kijana wa Shangani

Wakuu wa uvuvi, habari za jioni.

Kuna mzungu mmoja alikuwa na mkataba hapa mjini, mkataba umeisha, kaondoka. Alikuwa anagawa vitu vyake, mimi nikaangukiwa na fimbo ya kuvulia, ile ndefu nyembamba yenye mshipi mnene wa rangi ya chungwa, pamoja na rili yake na boksi la plastiki limejaa nzi bandia, vile vidude vya manyoya vya kudanganyia samaki. Kwao alikuwa anavulia trauti mtoni. Nzi wenyewe wamechomekwa kwenye sponji kwa safu, wengine wadogo hata kidole hakiwashiki vizuri. Kwenye kitako cha fimbo pameandikwa 6.

Mimi nimekulia kwenye mshipi wa mkono na chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, haya mambo siyajui. Trauti hapa hakuna. Swali langu: katika hao nzi wote kuna wa kunifaa Mikindani au Msimbati, au niwagawie watoto wachezee? Sitaki kubeba boksi zima. Nataka wachache wanaofanya kazi nyingi.

---

Mkorosho Mkavu

Mkuu, nzi tunao wa bure pale Feri, tena wazima. Njoo na ndoo.

---

Nahodha wa Mchana

Kijana, usiwape watoto. Zile ni ndoana, zitaishia miguuni mwao.

Nimeendesha boti za wageni wavuvi kwa muda mrefu, na hao wageni wengi wao walianzia kwenye trauti. Maboksi yao nimeyaona na nzi wao nimewafunga kwa mkono wangu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, ila vumilia nianzie mtoni.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji ya hapa Shangani yanachezea nyuzi 25 hadi 30, hata ukiyatoa chumvi asingemaliza siku. Huko mtoni anajibanza nyuma ya jiwe, kichwa kinatazama mkondo unakotoka, anangoja aletewe. Anacholetewa ni wadudu. Wengi wao wanaishi utoto wao wote chini ya maji kwenye mawe, wengine wanajijengea vifuko vya mchanga na vijiti, halafu siku moja wanapanda juu, wanaota mabawa na kuruka. Sehemu kubwa ya mlo wa trauti inaliwa huko chini, kabla mdudu hajaota bawa. Na kwa kuwa mkondo haumsubiri, ana nukta moja ya kuamua: nimeze au niache.

Kwenye hiyo nukta moja ndipo wavuvi wa trauti walipogawanyika tangu zamani. Kuna wanaotaka nzi afanane na mdudu fulani kabisa, mpaka idadi ya mikia. Wanabeba maboksi manne. Na kuna wanaobeba nzi wachache ambao hawafanani sawasawa na mdudu yeyote, lakini wanafanana kidogo na wengi. Mimi ni wa kundi hili la pili, na sijawahi kuona sababu ya kuhama.

Mfano mzuri ni huyu anayeitwa Adams. Alifungwa mara ya kwanza Michigan, Marekani, mwaka 1922, na bwana mmoja aitwaye Len Halladay. Ni wa kijivu, shingoni kazungushiwa unyoya wa jogoo wa kahawia uliochanganywa na wa jogoo mwenye mistarimistari, na anaelea. Ukimuuliza mvuvi huyu ni mdudu gani, atakuna kichwa. Lakini mpaka leo, zaidi ya miaka 100, ni vigumu kufungua boksi la trauti usimkute. Kwenye boksi lako yumo, tafuta mwenye unyoya wa kahawia na kijivu kwa pamoja, mabawa mawili yamesimama.

Sasa habari mbaya: huyo Adams baharini kazi yake ni ndogo sana. Labda usiku kwenye taa ya gati, chuchunge watamdonoa. Weka pembeni nzi wote wanaoelea, yaani wote wenye manyoya magumu yaliyosimama kuzunguka shingo. Hapo boksi limepungua nusu.

Waliobaki ni wa kuzama. Piga picha uziweke hapa, nitakuonyesha.

---

Kijana wa Shangani

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Picha zinagoma kupanda, mtandao wa leo unajijua wenyewe. Niwaeleze kwa maneno. Wapo wengi wembamba wa kahawia, wamekazwa na waya mwekundumwekundu kama shaba. Wapo wenye shanga ya dhahabu kichwani na mwili wa manyoyamanyoya. Wapo wakubwa kidogo, weusi na wa kijani iliyofifia, mkia mrefu laini unaochezacheza ukipuliza. Na wapo wanne wa ajabu, wana macho mawili ya chuma, mazito, manyoya meupe chini na ya kijani juu, ndoana imegeuka inatazama angani.

---

Nahodha wa Mchana

Marahaba.

Hao wanne wa macho ya chuma, usimpe mtu. Ndio dhahabu ya boksi lako.

Twende kwa mpangilio uliotaja.

Mwembamba wa waya wa shaba anaitwa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku. Aliyembuni ni Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza. Ujanja wake ni kwamba hakutumia uzi kabisa, alifungia kwa waya wa shaba huohuo, kwa hiyo nzi anabaki mwembamba na bado anazama haraka. Mwenye shanga na mwili wa vurugu ni wa manyoya ya sikio la sungura. Hao wawili kwa trauti ndio ugali na maharage. Kwako wewe watafaa kwa vibua wakiingia ndani ya ghuba, na kwa perege ukienda mabwawani. Kibua anakula vijidudu vidogo vinavyoelea majini, chembe ya kung'aa inayozama polepole anaijua. Wazee wa hapa si wanavua vibua kwa mshipi wa ndoana nyingi zenye vinyoya vyeupe? Ni kazi ileile.

Mweusi mwenye mkia laini ni Woolly Bugger. Alifungwa na Russell Blessing wa Pennsylvania mwaka 1967, na hakumlenga trauti hata kidogo, alikuwa anataka samaki mwingine wa mito ya kwao anayeitwa basi. Trauti akajipendekeza mwenyewe. Huyu nzi hana sura maalumu: akilala chini ni kamba, ukimvuta kwa vipande ni kisamaki, akining'inia ni kiluwiluwi au ngisi mchanga. Kwako peleka kwenye mikoko ya Mikindani maji yanapopanda, changu na chewa wadogo watamgombea.

Na wa macho ya chuma ni Clouser Minnow, wa Bob Clouser, mto Susquehanna, hukohuko Pennsylvania, miaka ya 1980. Naye alimfungia samaki yuleyule, basi. Macho yale ni risasi au shaba, yamefungwa upande wa mgongo wa ndoana, kwa hiyo uzito unaipindua na ncha inatazama juu. Faida mbili: hanasi ovyo kwenye mwamba, na ukimvuta anapanda, ukimwacha anadondoka kichwa mbele. Kila kisamaki kinachokimbia kikiwa kimeumia kinafanya hivyo. Dagaa, simsim, kibua mchanga, wote wamo ndani ya huyo mmoja.

Umeona lakini? Wawili walio bora kwako hawakubuniwa kwa trauti. Nzi wa kazi nyingi ndivyo alivyo, anavuka mito na bahari bila kuuliza.

Kwa hiyo nikiwa wewe: Clouser wote wanne, Bugger weusi watatu na wa kijani watatu, na wachache wa shanga kwa ajili ya vibua. Wengine funga boksi, siku ukihamia Mbeya au ukitembelea Kenya utanikumbuka.

---

Bint Mchinga

Habari zenu. Mzee Nahodha, shikamoo. Nimesoma yote na naona umeruka rangi kabisa, au nimepitiwa?

Mimi ni wa Lindi, nyumbani kwetu tuna mashua mbili, kaka zangu wanarambaza nguru, yaani wanaburuta chambo nyuma ya mashua, kipindi cha kaskazi. Chambo wanafunga wenyewe kwa nyuzi za kiroba, nyekundu na nyeupe. Ukiwapa ya bluu na nyeupe hawaitaki. Wanakwambia nguru anataka nyekundu. Sasa wewe unamwambia kijana achukue yoyote?

---

Nahodha wa Mchana

Marahaba binti yangu. Hukupitiwa, nimeiacha makusudi.

Kaka zako wako sahihi, ila kwa mazingira yao. Wanarambaza juujuu, mchana, jua kali. Hapo nyekundu inaonekana nyekundu. Lakini nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kupotea maji yakianza kuwa na kina. Shusha hiyo nyekundu mita kumi na kitu, inakuwa kivuli tu cheusi. Na alfajiri, kabla jua halijapanda, samaki anayetazama kutoka chini anaona umbo jeusi dhidi ya anga basi. Ndiyo maana wageni wengi wa kolekole wanafunga nzi mweusi mtupu saa kumi na mbili asubuhi na wanapata.

Mpangilio wangu ni huu, na nitabishana na mtu yeyote: kwanza kina, pili ukubwa, tatu mwendo, rangi mwisho. Nzi mwenye rangi sahihi anayepita mita mbili juu ya kichwa cha changu hana faida. Nzi mwenye rangi mbaya anayepita puani, kwa ukubwa uleule wa dagaa waliopo siku hiyo, ataliwa.

Kwenye rangi nina sheria moja tu, mgongo uwe mweusi kuliko tumbo. Samaki karibu wote wa chakula wako hivyo. Nyeupe chini, kijani au bluu au kijivu juu. Ukitaka uongeze kauzi kamoja ka nyekundu shingoni kwa heshima ya kaka zako, ongeza. Mimi huwa naongeza, inafanana na shavu la samaki aliyejeruhiwa.

---

Bint Mchinga

Hapo kwenye kauzi kamoja nimekubali yaishe 😂 Ila nguru wa kaskazi ujue hasomi nyuzi zako, anataka nyekundu.

---

Gura Wangu

Hamjambo ndugu wa Kusini. Mimi niko Nyeri, Kenya, nimefika kwa huu uzi nikitafuta mambo ya trauti, sikutarajia kuletwa Mtwara.

Mzee ameeleza vizuri. Niongeze ya huku kwetu ili kijana ajue akifika. Trauti wa Kenya hawakuwa wa asili, mayai yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na Ewart Grogan yakawekwa mto Gura, Aberdare. Baadaye wakasambazwa mito ya Mlima Kenya na maziwa ya juu kule kwa baridi, na pia wakaletwa wale wenye mstari wa waridi ubavuni. Mito yetu ni midogo, inakimbia sana juu ya mawe, na maji ni baridi ya kuumiza mifupa. Hapo samaki hana muda wa kuchagua. Ule wa shanga ya dhahabu na mwili wa sungura, nikiambiwa nichague mmoja wa mwaka mzima, ni huo. Mto ukiwa na tope baada ya mvua, naweka Bugger mweusi. Karibu basi, na boksi lenyewe limeisha.

Tofauti moja na bahari: huku nzi hatumvuti. Tunamrusha juu ya mkondo na kumwacha ateremke mwenyewe, kwa mwendo wa maji hasa. Mshipi ukimburuza hata kidogo, trauti anajua si mdudu. Kijana akizoea kuvuta kama wa baharini, akija huku atashangaa.

---

Nahodha wa Mchana

Karibu sana ndugu. Umesema jambo ambalo nilitaka kulifikia.

Kijana, hata baharini kuna mahali pa kuacha mkondo ufanye kazi. Nenda mlango wa Mikindani maji yakianza kutoka. Bamvua zetu, yaani siku za maji makubwa, zinapanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji yote ya ile ghuba ya ndani yanataka kupita pale penye wembamba. Kamba, kaa wadogo, dagaa, wote wanasombwa. Kolekole wanajipanga pembeni ya mkondo, kichwa kinatazama maji yanakotoka, wanangoja waletewe. Huyo si trauti kwa tabia? Hapo rusha Clouser kwa mshazari kuelekea mkondo unakotoka, mwache azame, mshipi ukianza kukaza anza kumvuta kwa vipande vifupi. Wengi wanagonga pale nzi anapoacha kushuka na kuanza kupanda.

Maji mafu, yaani siku yanapopanda na kushuka kidogo tu, usijisumbue sana mlangoni. Nenda mikoko.

Msimbati ni habari nyingine, kina kipo karibu sana na mchanga, unasimama ufukweni na maji ya buluu yako hatua chache mbele yako. Jodari na nguru wanaweza kupita karibu. Ila ile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000, kwa hiyo pitia ofisi yao kwanza ulipie na upate kibali. Na kwa fimbo yako ya 6, Msimbati nakukataza kwa sasa.

---

Kijana wa Shangani

Mzee kwa nini unanikataza? Fimbo si fimbo? Na hiyo 6 ni nini hasa, futi?

---

Nahodha wa Mchana

Si futi. Ni uzito wa mshipi ambao fimbo imetengenezwa kuurusha. Kwenye uvuvi wenu wa mshipi wa mkono mnarusha chubwi, mshipi unafuata. Kwenye huu, kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ndiyo maana ni mnene, na nzi anafuata tu kwa kuwa hana uzito. Trauti wa mto mdogo wanatumia 4 au 5. Baharini kwa samaki wa wastani ni 8 au 9. Kolekole mkubwa, yule wa kilo thelathini na kuendelea, watu wanabeba 12 na bado wanarudi na vipande.

6 yako itakupa raha kwa vibua, changu, kolekole wadogo wa ghubani. Na itamrusha Clouser mdogo. Mkubwa mwenye macho mazito itamgomea, atakupiga kisogoni. Vaa miwani na kofia, sisemi kwa utani.

Jambo la pili, ndoana. Nyingi za boksi hilo ni za maji yasiyo na chumvi, chuma chembamba cha rangi ya shaba. Chumvi itazila. Ukitoka baharini zioshe kwa maji ya bomba na uzianike, usizirudishe mbichi kwenye sponji, kutu ya mmoja inawaambukiza wote. Rili pia ioshe. Na kolekole wa kilo tatu tu anaweza kuinyoosha ndoana ya trauti ikawa sindano.

Ndiyo maana nakushauri ufunge wako mwenyewe.

---

Kilwa Kivinje

Hapo kwenye kufunga ndipo nilipokuwa napangoja. Mzee, tupe somo, ila vifaa vya hapahapa. Kuna watu wanaelekeza ukasema wote tunaishi Ulaya.

---

Nahodha wa Mchana

Haya. Huyu ndiye ninayemfunga mimi, ni Clouser aliyehamia Kusini.

Ndoana: nyeupe zisizoshika kutu, hizihizi za kuvulia changu, chagua yenye shina refu kiasi. Isiwe kubwa kuliko kiungo cha juu cha kidole gumba kwa fimbo ya 6.

Manyoya: mbuzi mweupe. Usichukue ya ubavuni, yana sufu, yatajikunja na kulowa yakawa tambi. Chukua ya mkia au ndevu za beberu, hayo yamenyooka. Siku ya kuchinja nenda na mkasi na mfuko, watu watakushangaa, wazoee. Osha kwa sabuni mpaka harufu iishe, anika kivulini. Kwa mgongo, chukua mbuzi mweusi au kahawia, au nyuzi za kiroba cha kijani. Kiroba ukikichambua na kukisugua kwa kitana cha chuma, nyuzi zinapasuka zinakuwa laini sana na zinang'aa. Viroba vya salfa ya mikorosho navyo vinafaa, ila vioshe vizuri kabla hujavipeleka mdomoni kukata uzi kwa meno, nawajua nyie.

Macho: ule mnyororo wa vishanga vya chuma unaofungia kizibo cha sinki. Kata shanga mbili zilizoshikana. Kwa maji ya mlangoni yenye nguvu, chubwi mbili ndogo za risasi, ziminye kwenye kipande cha waya mfupi, moja kila upande.

Uzi: wa kushonea, ule wa nailoni mwembamba, upitishe kwenye nta au hata mshumaa ili ushike. Mwisho gundi ya haraka, tone moja.

Kaza ndoana kwenye koleo, zungusha uzi kuanzia karibu na tundu kwenda nyuma mpaka nusu ya shina, rudi. Weka macho juu ya shina, nyuma kidogo ya tundu, usiyasogeze mpaka tunduni, utakosa nafasi ya kumalizia. Funga kwa msalaba: kutoka kulia mbele kwenda kushoto nyuma mara kadhaa, kisha upande wa pili, halafu zungusha chini ya macho, kati yake na shina, kwa kukaza. Yakicheza ukiyasukuma kwa kidole, hujafunga bado. Tone la gundi hapo.

Sasa fungu la manyoya meupe, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu: wanaweka mengi. Nzi mnene hazami na hachezi, analala tu juu kama ufagio. Shika fungu, punguza nusu, halafu punguza tena. Ukiliinua kwenye mwanga uone vizuri mtu aliye upande wa pili. Lifunge mbele ya macho, lipitishe katikati yake, lifunge tena nyuma ya macho. Urefu mara mbili na nusu ya ndoana. Geuza ndoana juu chini. Fungu la rangi ya giza lifunge mbele ya macho upande huo mwingine, likifunika ncha. Kati yake weka nyuzi mbili tatu za kung'aa, za kanda ya zamani ya kaseti zinafaa, au karatasi ya biskuti iliyokatwa nyembamba kabisa. Malizia kichwa kwa uzi, fundo, gundi.

Mtie kwenye beseni la maji, mvute kwa uzi. Akigeuka tumbo juu, macho yako mepesi au manyoya ya mgongo yamezidi. Akizama kichwa mbele, weka kwenye boksi.

---

Kilwa Kivinje

Umemaliza mzee. Nyuzi za kaseti 😂😂 nilijua tu ile taarabu ya mama itapata kazi.

---

Mkorosho Mkavu

Mimi bado nasimama na ngisi mbichi. Kata kipande, chomeka, shusha, kula. Hakuna beberu anayenyolewa ndevu.

---

Nahodha wa Mchana

Na mimi sikukatazi, ngisi mbichi ni mfalme kwa samaki wa chini. Lakini ngisi akikosekana baharini wiki nzima, bei yake unaijua. Nzi mmoja aliyefungwa vizuri anavua mpaka manyoya yaishe. Halafu kolekole anayefukuza dagaa hatulii akanusa kipande chako kilicholala, anataka kinachokimbia.

---

Kijana wa Shangani

Mrejesho wakuu. Nimekwenda Mikindani na hao wachache, asubuhi kabla upepo haujaamka. Wa shanga ya dhahabu amepata vibua mpaka nikachoka, nimevuta polepole tu na kuacha. Bugger mweusi kwenye mikoko: changu wadogo na chewa mmoja, nimemrudisha alikuwa mdogo sana. Clouser: kolekole wawili wa kitoweo, fimbo ilipinda mpaka kitako. Halafu akaja kitu kirefu, kikagonga mara moja, mshipi ukalegea. Nailoni imekatwa safi, kama kwa wembe.

---

Nahodha wa Mchana

Huyo ni mzia. Au nguru mdogo, ila kwa mikokoni nasema mzia. Meno yao hayana mazungumzo na nailoni. Ukiwaona, au ukiona vipande vya dagaa vinaelea vimekatwa nusu, weka waya laini wa chuma urefu wa shibiri moja mbele ya nzi. Kolekole hana meno ya kukata, yeye anakupeleka kwenye mwamba, kwa hiyo kwake unahitaji nailoni nene na si waya. Waya ukiuweka kila mara, vibua na changu wanauogopa.

Asubuhi umefanya vizuri. Umande ukivuma kutoka bara unakusukumia mshipi mbele. Kusi likishika kasi, mwezi wa sita wa saba huko, utarusha mara mbili ukae chini. Tafuta upande wa ghuba uliojikinga.

---

Bint Mchinga

Mzee, na wa kurambaza? Hao Clouser kaka zangu wanaweza kuwafunga nyuma ya mashua?

---

Nahodha wa Mchana

Wanaweza, ila wafunge wakubwa, urefu wa kiganja, macho mazito zaidi, na manyoya yawe ya kiroba tupu, ya mbuzi hayatahimili mwendo wa mashua siku nyingi. Waya lazima, nguru hao. Na watie nyekundu yao, sitaki kesi Lindi.

---

Bint Mchinga

😂😂 Ujumbe umefika.

---

Gura Wangu

Kijana, yule mkia wa fezanti uliyemwacha kwenye boksi usimtupe. Ukipanda huku nitumie ujumbe humu, msimu wa mvua ukipita maji yakisafika. Huo tu na wa shanga. Fimbo yako ya 6 ni kubwa kidogo kwa mito yetu lakini itafaa ziwani.

---

Kijana wa Shangani

Asante sana ndugu. Mzee Nahodha, swali la mwisho: hizo ndoana nyeupe za shina refu unanunua wapi? Sokoni nimekuta za shina fupi tu.

---

Nahodha wa Mchana

Maduka ya vifaa vya uvuvi karibu na Feri, uliza za kuvulia changu za shina refu, wakikuonyesha fupi waambie wafungue boksi la chini. Kama hakuna, fupi tumia tu, sogeza macho mbele kidogo na punguza manyoya. Na minya ule mwiba wa nyuma wa ncha kwa koleo. Siku itakapoingia sikioni mwako utaitoa bila kwenda hospitali.